Visu vya Safari: Kikongwe, Chepesi, Kikali na Kile Usichokihitaji

Kisu cha mfukoni chenye kazi nyingi kuliko vyote duniani hakiingii mfukoni. Kilitengenezwa Uswisi na kampuni ya Wenger katikati ya miaka ya 2000. Kina vifaa 87 vyenye kazi 141, na Guinness wakakiingiza katika kitabu chao cha rekodi. Humo ndani mna mkasi, msumeno, plaizi, bisibisi za kila namna, kifaa cha kukatia sigara nene, hata vifaa vya wachezaji gofu. Upana wake hauzungukwi na kiganja cha mtu yeyote. Ukitaka kumenya embe kwa kisu hicho, itabidi mwenzio akushikie upande wa pili.

Nimeanza na dubwana hilo kwa sababu anayetafuta kisu cha kutembea nacho milimani hukutana na mashindano ya namna hiyo kila anapogeuka. Muuzaji huyu anajisifu kwa chuma kigumu, yule kwa bapa refu, mwingine kwa gramu alizopunguza. Rekodi zina raha yake, nami nazipenda. Ila kabla ya kutoa pesa kuna swali la kuuliza: kuanzia asubuhi unapofunga shanta hadi jioni unapovua viatu, unakata nini hasa? Kona ya pakiti ya biskuti. Parachichi. Plasta ya kufunika lengelenge la kisigino. Kamba iliyojifunga fundo. Uzi uliochomoza kwenye begi. Kucha iliyokatika vibaya. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachodai bapa refu kuliko kidole chako cha kati.

Kikongwe, tena kizito

Tuanzie nyumbani, maana rekodi ya ukongwe ni yetu. Magharibi mwa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lomekwi, wanaakiolojia wakiongozwa na Sonia Harmand walikuta mwaka 2011 mawe yaliyogongwa makusudi ili yatoe vipande vyenye makali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: yana umri wa miaka milioni 3.3, na hakuna zana za mawe zilizowahi kupatikana zenye umri mkubwa zaidi. Kilichowashangaza wataalamu zaidi ya umri ni ukubwa. Yale mawe mama, yaliyobanduliwa vipande, yana uzito wa wastani wa kilo 3 na ushei. Kwa hiyo karakana ya kwanza ya visu ilikuwa pia nzito kuliko zote, na ni dhahiri kwamba fundi wake hakutembea nayo mbali.

Waliokuja baadaye walitembea. Olorgesailie, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Magadi, kuna zana za miaka takriban 300,000 zilizochongwa kwa obsidiani, yaani kile kioo cheusi cha volkano. Jiwe hilo halipatikani hapo. Uchunguzi wa kemikali uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ilitoka kilomita 25 hadi 50, nyingine mbali zaidi, tena umbali huo umepimwa kwa mstari ulionyooka na si kwa njia za mabonde na milima ambazo miguu hupita. Mawe mengine yalikuwepo palepale, ya bure na ya kutosha, lakini watu hawa walitaka lile bora, ama walilifuata wenyewe, ama walilipata kwa kubadilishana na majirani. Mimi huwahesabu kuwa wateja wa kwanza waliochagua kisu kwa ubora wa makali.

Nao hawakukosea. Obsidiani ndiyo inayoshika rekodi ya ukali hadi leo. Ikipasuka vizuri, ukingo wake huwa mwembamba kuliko wa chuma chochote kinachonolewa kwa mkono. Mmarekani Don Crabtree, aliyejifunza kuchonga mawe kama walivyofanya watu wa kale, alipofanyiwa upasuaji katika miaka ya 1970 alimpa daktari mabapa ya obsidiani aliyoyachonga mwenyewe. Ukitembea Hell's Gate karibu na Naivasha utaiona ikimeta chini. Iache hapo hapo: ni mali ya hifadhi, na pia haifai kubebwa mfukoni. Ukiipindisha kidogo tu inavunjika, na vipande vyake haviulizi ni ngozi ya nani.

Sentimita 13 juu ya theluji

Kisu cha mtembezi ninachokiheshimu kuliko vingine vyote kiko kwenye jumba la makumbusho la Bolzano, kaskazini mwa Italia. Tarehe 19 Septemba 1991, watalii wawili waliokuwa wakivuka milima ya Alps kwenye kimo cha mita 3,210 waliona mwili wa mtu ukichomoza kwenye barafu. Walidhani ni mpanda milima aliyepotea miaka ya karibuni. Kumbe alikuwa amelala hapo zaidi ya miaka 5,000. Wakampa jina la Ötzi. Vitu vyake vyote vya safari vilikuwa pamoja naye: upinde ambao haujakamilika, mishale, shoka la shaba, na kisu chenye bapa la jiwe gumegume lililochomekwa kwenye mpini wa mti, ndani ya ala iliyosukwa kwa nyuzi za magome.

Kisu hicho, bapa na mpini pamoja, kina urefu wa sentimita 13 hivi. Huyu hakuwa mtu wa matembezi ya Jumapili. Alikuwa na maadui nyuma yake, kwani bega lake la kushoto lilikutwa na kichwa cha mshale ndani. Na bado kisu chake ni kifupi kuliko vingi vinavyouzwa leo kwa maneno ya vita na uokoaji. Siri yake ni shoka. Kazi ya kupasua na kuangusha ilikuwa ya shoka, na kisu kilibaki na kazi za vidole.

Kwetu ni hivyohivyo, ila shoka limebadilika kuwa panga. Anayekwenda kulala msituni na atalazimika kufyeka au kuchanja kuni abebe panga, au aongozane na mwenyeji mwenye panga. Asinunue kisu kikubwa cha kukunja akidhani kitafanya kazi zote mbili. Bapa la sentimita 12 lenye msumeno mgongoni halichanji kuni vizuri, na kumenya nanasi nako linasumbua.

Chepesi kuliko vyote

Hapa mshindi anajulikana na anauzwa kila duka la mtaani: wembe. Ule wembe wa makali mawili una unene wa sehemu ya kumi ya milimita na uzito usiofika gramu moja. Hakuna kisu cha Ulaya wala Japani kitakachoupita. Wapo watembezi wanaopunguza mizigo hadi kukata mipini ya miswaki yao, hasa wale wa njia ndefu za Marekani kama Pacific Crest, yenye kilomita zipatazo 4,265 kutoka mpaka wa Mexico hadi wa Kanada. Baadhi yao hubeba wembe wa makali ya upande mmoja, uliofungwa ndani ya kipande cha katoni, basi.

Sishauri. Wembe hauna mpini, na ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi au vilivyolowa maji ya embe, utajikata kabla ya kukata kitu. Uweke kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza kama akiba.

Chepesi kinachotumika kweli ni kingine. Kampuni ya Victorinox, ya kijiji cha Ibach huko Uswisi, ina kisu kidogo kiitwacho Classic SD. Kikifungwa kina milimita 58, uzito wake ni gramu 21 au 22, na bapa lake halifiki sentimita 4. Watu hukicheka. Ila kina mkasi, na mkasi ndicho kifaa kinachofanya kazi nyingi kuliko bapa katika matembezi ya siku moja: plasta, bandeji, kucha, uzi, pakiti. Kina pia kibanio cha kuchomolea miiba, na yeyote aliyepita kwenye migunga anajua thamani yake. Kama ningeambiwa nichague kifaa kimoja cha kupewa kila mwanafunzi anayekwenda na shule yake kupanda Longonot au kutembea Uluguru, ningechagua hiki, ingawa najua walimu wangekinyang'anya getini.

Wepesi huo una historia. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kuwapelekea wanajeshi wa Uswisi kisu cha kukunja: bapa, kifungua kopo, bisibisi na kitoboleo. Kilikuwa imara lakini kizito. Mwaka 1897 akasajili kisu kingine, cha maofisa, chepesi zaidi ingawa kiliongezewa vifaa. Aliwezaje? Alipanga vifaa sita vitumie springi mbili tu, kila springi ikibeba vifaa vya pande zote mbili za mpini. Jeshi halikukiingiza rasmi katika vifaa vyake, na maofisa walikinunua kwa pesa zao. Ukoo wa kisu hicho ndio ulioenea duniani.

Ulifika hata angani. Novemba 1995, mwanaanga Chris Hadfield wa Kanada, akiwa na wenzake kwenye chombo cha Marekani, alikuta mlango wa kuingilia kituo cha Warusi cha Mir umefungwa kwa kamba na vifungashio vilivyogoma kutoka. Alivikata kwa kisu cha Uswisi. Kisu cha mfukoni hakijawahi kufungua mlango ulio juu zaidi ya huo, nadhani.

Na duniani, rekodi ninayoipenda ni ya bibi mmoja wa Ohio. Emma Gatewood alikuwa na miaka 67 na watoto 11 alipoanza, mwaka 1955, kuitembea peke yake njia ya Appalachian yenye zaidi ya kilomita 3,000. Akawa mwanamke wa kwanza kuimaliza peke yake kwa mkupuo mmoja. Hakuwa na hema wala shanta. Alikuwa na mfuko aliojishonea kwa kitambaa cha dangirizi, raba za kawaida miguuni, pazia la bafuni la kujikinga na mvua, na kisu kidogo cha Uswisi. Miaka miwili baadaye alirudi akaitembea tena.

Mkulima wa Savoie dhidi ya maabara

Kuna mikono mikubwa, na kuna siku za kukata mkate na jibini kwa watu sita. Hapo milimita 58 hazitoshi, na mtu anataka kisu cha kukunja kinachojaza kiganja bila kuvuta mfuko wa suruali. Soko la leo linajivunia visu kama Benchmade Bugout ya Marekani, iliyotoka mwaka 2017: gramu 52, bapa la sentimita 8.2, chuma cha hali ya juu, mpini wa plastiki ngumu, na bei inayozidi dola 100. Ni kisu kizuri, sina ubishi.

Sasa weka kando yake Opinel Namba 8. Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu chake mwaka 1890 huko Savoie, kwenye milima ya Ufaransa, kwa ajili ya wakulima na wachungaji. Mwaka 1897 akakipanga kwa namba, kuanzia 1 hadi 12, kwa kufuata ukubwa. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5 na uzito wa gramu 45 hivi. Soma tena: ni refu zaidi, na ni jepesi zaidi, kwa sehemu ndogo ya bei. Mpini ni kipande cha mti, bapa limechomekwa kwa msumari mmoja, na pete ya chuma iliyoongezwa mwaka 1955 huzungushwa ili bapa lisijifunge juu ya vidole. Hakuna kingine. Zaidi ya karne ya uhandisi imepita na mkulima bado anaongoza kwenye mizani.

Ana kasoro yake, nayo ni maji. Mti ukilowa huvimba, na baada ya siku nzima ndani ya ukungu wa Usambara bapa linaweza kugoma kutoka. Wenyeji wa Savoie wana dawa: hukishika kisu kikiwa kimefungwa na kugonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, na bapa huchomoza kiasi cha kushikwa kwa vidole. Kasoro ya pili ni kutu, kwa wale wanaonunua bapa la chuma cha kaboni. Likikata limao na kuachwa hivyo usiku kucha, asubuhi utalikuta na madoa meusi. Lifute, lipake mafuta ya kula kidogo, au nunua lile la chuma kisichoshika kutu na ulale usingizi.

Wafaransa wengine wamekwenda mbali zaidi. Deejo huuza visu vya kukunja kwa majina ya uzito wake: gramu 37, 27 na 15. Kile cha gramu 15 ni cha kustaajabiwa kuliko cha kutumiwa. Mpini ni fremu nyembamba ya chuma, na ukikandamiza kitu kigumu unaumiza kiganja.

Kwa asiyetaka kisu cha kukunja kabisa, Mora ya Uswidi haina mpinzani kwa bei. Mji wa Mora na vijiji vyake vimeishi kwa kutengeneza visu, na karakana ambayo leo inaitwa Morakniv inahesabu miaka yake tangu 1891. Kisu chao cha kawaida, pamoja na ala ya plastiki, kina gramu 115 hivi. Ni mara tano ya kile cha Uswisi, lakini hakina bawaba ya kujaa siagi ya karanga, na unakiosha kama kisu cha jikoni. Kwa anayelala nje siku tatu na kujipikia, gramu hizo zina maana. Kwa anayepanda Ngong na kurudi jioni, hazina.

Kisu butu kuliko vyote

Rekodi hii haimo kwenye kitabu cha Guinness, na haifurahishi. Tarehe 26 Aprili 2003, Aron Ralston, kijana wa Marekani aliyezoea milima, aliingia peke yake kwenye korongo jembamba la Bluejohn katika jimbo la Utah. Jabali la kilo zipatazo 360 liliteleza na kuubana mkono wake wa kulia ukutani. Hakuwa amemwambia mtu yeyote anakokwenda. Alikaa hapo zaidi ya siku tano, maji yakaisha.

Alikuwa na kifaa cha kukunja cha bei rahisi, chenye plaizi na mabapa mawili mafupi. Siku za mwanzo alikitumia kuchokoa jabali, na jiwe likalimaliza bapa. Alipoamua kuukata mkono, bapa halikupita hata ngozi vizuri, na mfupa ndio kabisa. Mwishowe aliivunja mifupa miwili ya mkono kwa kuulazimisha mwili wake dhidi ya jabali, akakata nyama kwa lile bapa dogo, mishipa migumu akaing'oa kwa plaizi. Kisha akashuka genge la mita 20 hivi kwa kamba akitumia mkono mmoja, akatembea hadi akakutana na watalii. Mwaka 2010 kisa hicho kikawa filamu, 127 Hours, jina lililotokana na saa alizobanwa.

Tangu hapo kisa hiki kimewauzia watu visu vikubwa vingi, na sielewi kwa nini. Kisu kirefu kisingeinua jabali. Ujumbe mmoja wa simu kwa rafiki kabla ya kuondoka ungemwokoa mkono. Na kama kuna somo la kisu hapo, ni la kunoa, jambo ambalo halina rekodi wala tangazo. Chuma kigumu sana hushika makali muda mrefu, lakini kikiisha kinataka vifaa maalumu kukirudisha. Chuma cha visu vya Uswisi ni laini kiasi, huisha mapema, na hurudi kwa dakika chache juu ya kinoo chochote. Usipokuwa na kinoo, geuza kikombe cha udongo: ile pete ya kitako isiyopakwa rangi ya kung'aa inanoa vizuri. Jaribu kwa karatasi ya gazeti. Ikichanika badala ya kukatika, rudia.

Mlima mrefu, sheria fupi

Kwenye mlima mrefu kuliko yote Afrika, mgeni anayepanda hadi Uhuru, mita 5,895, karibu hahitaji kisu. Huwezi kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji, na chakula hupikwa. Kisu kinachofanya kazi nyingi kuliko vyote mlimani humo ni cha mpishi, kile cha mpini wa plastiki kinachomenya viazi vya watu kumi kwenye kambi yenye upepo. Mgeni anayefika getini na kisu cha nusu kilo, shoka dogo na msumeno wa kukunja hatabeba yeye. Ataviingiza kwenye begi la mpagazi, ambaye mzigo wake una kikomo cha kilo 20, na vitapanda na kushuka bila kutolewa. Ukitaka kujua kama kisu chako ni chepesi, mwulize yeye.

Kwa ndugu walioko Uingereza na wanaopenda kutembea milima ya Wales au Scotland, rekodi ya kuangalia ni ya ufupi. Sheria ya huko inaruhusu kubeba hadharani, bila kutoa sababu, kisu cha kukunja tu, bapa lisizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na lisiwe la kujifunga likikunjuliwa. Opinel Namba 8 inaanguka mara mbili: ni ndefu mno, na ina ile pete. Kwamba pete hiyo ndiyo inayolinda vidole, sheria haijali. Kile cha milimita 58 kinapita bila swali.

Hakipiti Marekani kwenye ndege, hata hivyo. Machi 2013 mamlaka ya usalama wa safari ilitangaza kwamba itaruhusu visu vidogo ndani ya ndege, wahudumu na wengine wakapinga, na Juni mwaka huohuo wazo likafutwa. Ulaya huruhusu bapa lisilozidi sentimita 6, lakini kila kiwanja kina afisa wake na afisa wake ana siku yake. Tia kisu kwenye begi la kukabidhi kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu kisu kidogo ndicho husahaulika kwenye mfuko wa pembeni, na mezani pale hakuna mjadala. Vinavyosalimishwa Marekani, baadhi ya majimbo huvikusanya na kuvipiga mnada kwa mafungu, Classic SD zikiwa zimechanganywa na vya kila aina, na fungu hupimwa kwa uzito.